Mafuta Mekundu Kwenye Breki

Biashara yangu ni ya kupanda na kushuka. Nachukua mawese Ujiji na Simbo, napandisha Kalinzi na Manyovu, halafu nashuka na maharage na ndizi hadi soko la Mwanga. Mtu wa Kigoma ataelewa haraka. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Kalinzi iko kule milimani kwenye kahawa na baridi, na katikati kuna lami inayoteremka kwa kona hadi Mwandiga. Ukipanda unakula petroli, ukishuka unakula breki.

Pikipiki yangu ni ya cc 150. Mbele ina breki ya diski, ile ya mafuta, nyuma ina breki shuu za kawaida. Mwaka 2024, ndani ya miezi minne, niliteketeza shilingi 141,000 kwenye breki ya mbele ambayo mwanzoni ilihitaji pedi, vile vipande vinavyobana diski, za 8,000 basi. Hela inauma, ila kinachoniuma zaidi ni kwamba breki yenyewe ilikuwa inanieleza ugonjwa wake tangu siku ya kwanza, mimi nikawa nasikiliza watu.

Ilianza Aprili, mvua bado zipo. Kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani kina kidirisha, na kila asubuhi niliona mafuta yameshuka kidogo, mpaka yakafika mstari wa chini. Nikaingiwa na hofu kwamba yanavuja. Nikapapasa hozi yote, ule mpira unaoteremsha mafuta, nikakagua kalipa, kile chuma cha chini kinachobana pedi kwenye diski, pakavu kabisa. Siku hizi najua sababu. Pedi zikilika, pistoni za kalipa zinasogea nje kuzifuata, na nafasi inayobaki nyuma yake inajazwa na mafuta kutoka kikoponi. Mafuta yalikuwa hayajapotea, yalikuwa yamehamia chini. Kikopo kilikuwa kinasema nunua pedi, mimi nikasikia ongeza mafuta.

Kijana mmoja fundi akaniongezea kwa shilingi 2,000. Alikuwa na chupa ya mafuta mekundu, yale yanayowekwa kwenye gia otomatiki na usukani wa magari. "Haidroliki ni haidroliki tu, kaka," akaniambia, na mimi nikaona haya ni maneno ya mtu aliyesoma. Akajaza mpaka juu. Juu ya kifuniko cha kikopo kile, kwa herufi zilizochongwa kwenye chuma, pameandikwa DOT 3 au DOT 4, yaani aina ya mafuta ya breki yanayotakiwa. Tulikifungua pamoja, tukakiweka chini, tukakirudisha. Hakuna aliyekisoma.

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 si ya jamii ya oili. Ni ya jamii ya kemikali ziitwazo glaikoli, na raba zote zilizomo ndani ya breki zimetengenezwa kuishi nayo. Raba hizo zikikutana na oili ya injini, mafuta ya gia, dizeli, hata grisi ya kawaida, zinakunywa na kuvimba. Na hazivimbi siku ile ile. Fundi anaondoka na hela yake, wewe unaondoka na pikipiki yako, breki inakamata vizuri tu, na raba huko ndani inaendelea kunywa.

Baada ya wiki mbili hivi mkono wa breki ukawa mgumu. Ule mchezo mdogo wa mwanzoni ukaisha, ukigusa tu imeshika. Nikafurahi! Nikawatambia wenzangu kijiweni kwamba breki yangu sasa inakata kama wembe. Dalili nyingine zote nilizitafutia visingizio. Pikipiki imekuwa nzito kusukuma, nikasema ni upepo wa tairi. Petroli inaisha upesi, nikasema ni mzigo. Kumbe tairi la mbele lilikuwa linazunguka huku pedi zimelikumbatia diski saa zote.

Siku yenyewe ilikuwa Juni, kiangazi kimeshaingia. Nashuka kutoka Kalinzi na gunia la maharage na mikungu miwili ya ndizi. Kona za kwanza breki ikashika vizuri. Za katikati nikaanza kusikia harufu kama ya plastiki iliyoungua, nikadhani ni lori lililonitangulia. Kisha, kabla ya kona moja ya kushoto, nikakamata mkono wa breki ukaja wote mpaka ukagusa usukani. Mwepesi, kama nimeshika hewa. Nikauachia nikakamata tena, hewa. Nikakanyaga ya nyuma, ikajitahidi, lakini kwa mzigo ule na mteremko ule shuu peke yake hazitoshi. Nikarudisha gia, ya nne, ya tatu, ya pili, injini ikalia mpaka nikahisi itapasuka, na nikachagua mtaro wa upande wa mlima kuliko upande wa bonde. Nikalala nayo kwenye nyasi. Goti likachunika, mkungu mmoja ukabiringika hadi kona ya chini.

Mama mmoja aliyekuwa na mzigo wa kuni alisimama akasema, "Pole baba. Shukuru Mungu hakukuwa na gari." Nikamshukuru, nikakaa chini natetemeka. Nilipofungua chupa ya maji ninywe, matone yakadondokea kwenye diski. Yakalia chwii, yakarukaruka, yakapotea. Diski ilikuwa na rangi ya samawati kwenye ukingo.

Lililonichanganya ni hili: baada ya kama dakika arobaini, nilipojaribu tena, mkono wa breki ulikuwa umerudi. Mgumu kama asubuhi. Nikashuka hadi Mwandiga polepole kwa gia ya kwanza nikijiuliza kama nimerogwa.

Ukikutana na hali hii, breki nzima ikiwa baridi na kupotea ikiwa moto, usiwaze uchawi. Mafuta yamechemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabonyezeki, ndiyo maana yanasukuma pistoni. Mvuke unabonyezeka, kwa hiyo ukikamata unafinya mvuke na pistoni haina habari. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji na breki inafufuka. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini inanyonya unyevu wa hewa, na ikishanyonya kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155. Ndiyo maana wanasema ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama hujaona kosa, na ndiyo maana chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mwaka juzi si ya kununua, hata muuzaji akikupunguzia bei. Yangu ilikuwa haijaguswa tangu ninunue pikipiki, mbali na ile dawa nyekundu.

Ila kuchemka kulikuwa matokeo. Swali la kuuliza lilikuwa: kwa nini diski ipate moto kiasi kile? Swali hilo sikuliuliza, na fundi wa pili hakuliuliza. Alipiga mkono wa breki mara mbili akasema, "Upepo umeingia bro, hozi imechoka." Akabadilisha hozi, shilingi 18,000. Pedi akazitoa zikawa zinang'aa kama kioo, zimeungua. Akaweka mpya za 8,000. Akatoa upepo, akaongeza DOT 3 ya chupa ya 6,000, ufundi 8,000. Mafuta ya zamani yaliyokuwa ndani ya kalipa na masta silinda, ile pampu ya breki yenye kikopo pale kwenye usukani, hayakutolewa yote, yakachanganyika na mapya. Raba zilizovimba zikabaki pale pale.

Hapo ndipo yakaja mawese.

Nilikuwa na tabia ya kuning'iniza kidumu cha lita tano mbele, kwenye usukani, cha kuwaonjesha wateja. Kifuniko kililegea wakati napanda. Mawese yakachuruzika kwenye shokapu, yakateremka, yakafika kwenye diski. Sikuona mpaka Bitale, nilipotaka kusimama dukani. Mkono wa breki mgumu, nimekamata kwa nguvu zangu zote, pikipiki inaendelea na safari zake. Nikapita duka, nikapita nyumba iliyofuata, nikasimama kwa miguu.

Hii ni lugha tofauti kabisa na ile ya kwanza, na laiti ningeitambua. Mkono ukiwa laini kama sponji, tafuta upepo ndani ya mafuta. Ukiukamata na kuushikilia nao ukawa unazama taratibu kuelekea usukani, kuna raba inapitisha au pahali panavuja. Ukiwa mgumu lakini pikipiki haisimami, mafuta yanafanya kazi yake na kosa liko kwenye pedi na diski, au pistoni imeganda. Ukiwa unakupigapiga vidole kila tairi linapozunguka, diski imepinda. Mimi nilikuwa na mkono mgumu usiosimamisha, nikalalamika kwamba nimeuziwa pedi feki.

Mtu akanishauri nizichome. Nikaziweka juu ya jiko la mkaa usiku, zikatoa moshi wa harufu ya maharage ya kukaanga, watoto wakacheka sana. Asubuhi zikaonekana kavu na safi. Zikashika siku moja, ya pili zikaanza kuteleza tena, na moja ikaonyesha ufa pale nyenzo yake inapogandishwa kwenye bati. Pedi iliyokunywa mafuta imekunywa. Diski unaisafisha na inapona, kwa maji ya moto na sabuni na spiriti, lakini pedi tupa. Nikanunua nyingine, 8,000.

Mwezi Julai ukaisha, mkono ukawa mgumu tena, na harufu ile ikarudi. Siku moja nimetoka kuchukua mawese Ujiji, nikasimama kupisha ng'ombe. Nilipotaka kuondoka pikipiki ikagoma. Tairi la mbele limekamatwa, halizunguki hata kwa kusukumwa na watu wawili. Tukaiinua mbele, tukaiswaga hivyo hivyo hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kaigusa hii kabla yangu?"

Nikamweleza yote. Hakuuliza ninataka spea gani. Alichukua spana namba 8, akaivisha kwenye nipeli ya kalipa, ile skrubu ya kutolea upepo, akafunika na kitambaa, akailegeza robo mzunguko. Mafuta yakaruka fyuu. Akalizungusha tairi kwa kidole kimoja, likazunguka.

"Umeona? Pistoni haijaganda. Ingekuwa kutu, ningefungua hapa na tairi lingebaki limekamatwa. Kuna presha imefungiwa ndani, haijui pa kurudia."

Akafunga nipeli, akaniambia nikamate breki mara kadhaa, niachie. Tairi likakamatwa tena. Safari hii hakugusa chini. Alikwenda juu, kwenye masta silinda, akalegeza kidogo ile bolti yenye tundu inayoshika hozi. Mafuta yakatoka, tairi likaachia. "Kwa hiyo hozi inapitisha," akasema. "Ingekuwa imeziba kwa ndani, nikifungua juu, presha ya chini ingebaki. Ugonjwa uko humu." Akakigonga kikopo kwa kucha.

Dakika tano, spana mbili, hajanunua kitu. Nilikaa pale najihesabia hozi ya 18,000.

Kisha akafungua kifuniko akaniita nichungulie, uso usiwe karibu. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea majani, na juu yake utando mwekundu. Chini ya kikopo kuna matundu mawili, moja kubwa na moja dogo kama la sindano. Akasema ukikamata mkono wa breki taratibu, mwanzo kabisa wa safari, unatakiwa uone kijichemchemi kinaruka kutoka kwenye lile dogo. Hilo ndilo mlango wa kurudia mafuta ukiachia breki, na ndilo linaloruhusu mafuta yakipata moto yatanuke kuja juu. Akakamata. Hakuna kilichoruka. Raba iliyovimba ilikuwa imekalia mlango. Kila nikikamata, presha kidogo inabaki chini, pedi zinaburuza, diski inapata moto, mafuta yanatanuka, pedi zinabana zaidi. Kalinzi hadi Mwandiga breki ilikuwa inajikamata yenyewe mpaka inachemka.

Aliitoa pistoni ya masta silinda kwa koleo ndogo. Akaiweka ile raba kiganjani mwangu karibu na mpya aliyokuwa nayo kwenye kopo, ya pikipiki nyingine lakini kipimo kilekile. Ya zamani ilikuwa kama andazi lililotumbukizwa kwenye chai: kubwa, laini, midomo yake imekunjamana. Ukiibana kwa kucha alama inabaki.

"Mafuta mekundu," akasema. "Nyie watu wa mawese mnapenda rangi."

Baada ya hapo hakuna njia ya mkato, na hapa nawaomba msibishane na fundi anayewaambia hivi. Mafuta ya jamii ya oili yakishaingia, raba zote zimekunywa. Masta silinda nilinunua zima, 35,000, maana raba zake peke yake sikuzipata mjini. Raba za kalipa 7,000. Hozi ile mpya ilikuwa imeshika mafuta yale zaidi ya mwezi, nayo ni raba kwa ndani, mzee akaikata kwa kisu mbele yangu ili nisije nikashawishika kuirudisha. Nyingine 18,000. Kalipa akaiosha kwa spiriti, hakuna petroli wala dizeli, akazipaka raba mpya mafuta safi ya breki kabla ya kuziingiza. Washa za shaba za pande mbili za ile bolti akaweka mpya, kwa sababu zikishabanwa mara moja zinakuwa zimeshajikunja kwa umbo la pale na zikirudiwa zinaweza kuvuja.

Kutoa upepo nilifanya mwenyewe yeye akisimamia, na naweza kukueleza. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani unavishwa kwenye nipeli, ncha yake inazama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Unakamata mara tatu nne, unashikilia. Ukiwa umeshikilia ndipo unalegeza nipeli, mkono unazama, unafunga nipeli, halafu ndiyo unaachia. Kosa ni kuachia kabla hujafunga, unavuta upepo ulioutoa. Na kosa la pili, nililifanya, ni kusahau kikopo. Nilikuwa nimekodolea macho mapovu kule chini, kikopo juu kikakauka, kikavuta hewa, tukaanza upya. Chupa ya pili ya mafuta, 6,000 nyingine. Mafuta hayo yakidondoka kwenye rangi, mwagia maji hapo hapo. Tangi langu lina baka hadi leo.

Mapovu yakaisha lakini mkono ukabaki na usponji kidogo. Upepo unapenda kupanda, unajificha pale hozi inapoungana na masta silinda. Mzee akaniambia nigeuze usukani ili masta silinda iwe juu kuliko vyote, akaufunga mkono wa breki kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tairi, akasema, "Nenda kalale." Nikaiacha kwake. Asubuhi alipofungua mpira nikakamata. Ukaja robo ya njia ukasimama kama umekutana na ukuta. Na mchezo mdogo wa mwanzoni ulikuwa umerudi, ule niliofurahi ulipopotea.

Ufundi wake 25,000. Sikuomba apunguze.

Kidumu cha kuonjesha sasa kinakaa nyuma. Na nikishuka kutoka Kalinzi nasimama Bitale, nafungua chupa ya maji, nadondoshea diski matone mawili matatu. Ikilia chwii kali wakati sikukamata breki sana, naondoa mzigo naizungusha tairi nione kama inaburuza. Vijana wa kijiwe cha pale wameshanizoea. Wakiniona nachuchumaa na chupa wanaitana, "Njooni, mchungaji anabatiza pikipiki." Jumamosi iliyopita matone yaliteremka kwenye diski, yakalowesha vumbi, yakadondoka chini kimya. Nikafunga chupa, nikaendelea na safari.